Mafungu ya Baba

Baba yangu alikuwa fundi wa mizani, na nyumbani kwetu hakuna kitu kilichowahi kugawanywa kwa kukadiria. Watoto wa jirani walinyang'anyana kipande kikubwa cha nyama, sisi tulingoja. Baba alizipanga sahani zetu tatu mbele yake, akainama, akafumba jicho moja, kisha akamega hapa na kuongeza pale. "Hii imezidi," alikuwa akisema, "tupunguze." Mama, enzi za uhai wake, alimcheka hadi akashika mbavu. Alisema ameolewa na mwanamume ambaye hata usingizi anaupima, nusu kwa ubavu wa kulia, nusu kwa ubavu wa kushoto.

Karakana yake ilikuwa chumba cha mbele cha nyumba yetu. Wenye maduka walimletea mizani zao zilizochoka, za sahani mbili, za kuning'iniza, na siku hizi hata za betri, naye akazifungua kwenye meza iliyonuka dawa ya kung'arishia shaba. Mawe yake ya kupimia aliyaweka kwenye sanduku la mbao, kila moja na tundu lake, na hakuwahi kuyashika kwa mkono mtupu. Alitumia kitambaa. Alisema jasho la mkono linakula chuma polepole, na jiwe likishaliwa linawapunja watu bila mwenyewe kujua. Tulipokuwa wadogo tulikatazwa hata kulisogelea lile sanduku.

Tulizaliwa watatu. Kaka yetu mkubwa tunamwita Mwenyekiti, kwa sababu hajawahi kuhudhuria kikao asikifungue yeye na kukifunga yeye. Anasimamia ghala la vigae, na nyumbani ndiye msemaji: mgeni akija na jambo, Mwenyekiti anajibu hata kama Baba ameketi palepale. Baba mwenyewe alitaka iwe hivyo tangu Mama alipofariki, na akiulizwa kitu mbele za watu alimtazama mwanawe kwanza. Wa mwisho ni Kitinda, mwalimu wa chekechea, sauti ndogo, machozi karibu. Wa katikati ndiye mimi. Nasuka nywele, na wananiita Redio, maana kwenye saluni yangu taarifa ya habari haina saa maalumu. Jina hilo silipendi, lakini sijawahi kupata hoja ya kulipinga.

Sasa katika nyumba hiyo, nani angempa Redio siri? Baba alinipa. Miaka michache nyuma alinipitia saluni asubuhi, akaniomba nimsindikize kliniki, na huko nikasikia kwamba figo zake zinachoka na inabidi atumie vidonge. Tulipotoka alisimama getini, akaniambia, "Hili ni lako, mama. Wenzako wasilijue, wana mizigo yao." Aliniita mama siku zote, lakini siku ile neno lilinikaa vizuri zaidi. Nilirudi kazini kifua mbele. Mzee ana watoto watatu, nikajisemea, na anayemwamini ni Redio. Siri ile niliitunza, na kwa mdomo wangu huu ilikuwa kazi kuliko kumsuka mtoto anayelia.

Kisha likaja la moyo. Mwenyekiti aliitisha kikao, akatuambia kwamba vali moja ya moyo wa Baba haifungi sawasawa, damu inarudi ilikotoka, na daktari anashauri akapasuliwe nje ya nchi, kwenye hospitali kubwa iliyokwisha kutupangia tarehe. Alilieleza kama mtu aliyekaa nalo muda mrefu, ila wakati ule sikulitilia maanani. Tuliuza tulichouza, tukachangiwa na waliotuchangia, na hesabu hiyo sitaki kuirudia. Mimi nikateuliwa kuwa msindikizaji kwa sababu, alisema Mwenyekiti, kule anatakiwa mtu asiyeona haya kuuliza.

Baba hakutaka kwenda. Hakusema hapana, alitupeleka makaburini. Alipalilia kaburi la Mama, akasafisha jiwe lake kwa kitambaa kilekile cha kushikia mawe ya mizani, halafu akaonyesha nafasi iliyo pembeni. "Hapa pangu," akasema. "Nikiwa sipo msipapangishe." Kitinda alianza kulia. Sisi wawili tulicheka, maana ndivyo Baba alivyotaka tufanye, lakini ujumbe tuliupata.

Habari za bima zilinifikia nikiwa na kichwa cha mtu mikononi. Mwenye kichwa alikuwa mteja wangu wa siku nyingi, tunamwita Dada wa Bima kwa sababu ya kazi yake, mwanamke mpole mwenye nywele laini zinazoteleza. Nilikuwa namhadithia kwamba jirani yetu ametushauri tukate ile bima rahisi wanayouza pamoja na tiketi, na tukiulizwa tuseme mzee anakwenda kutembea. Dada wa Bima akageuka ghafla, msuko ukanichomoka vidoleni.

"Huyo jirani anasafiri na nyinyi?"

"Hapana."

"Basi abaki na ushauri wake. Sikiliza. Bima ya msafiri wa kawaida ni ya mambo ya ghafla. Umeteleza bafuni ukavunjika mguu, begi limepotea, umekula kitu tumbo likachafuka. Mtu anayepanda ndege kwenda kupasuliwa, hilo si la ghafla. Kalipanga. Akisema anakwenda kutembea halafu akutwe kitandani na bomba puani, hawampi hata senti."

"Kwa hiyo mgonjwa hana bima?"

"Anayo, ila ni nyingine, ya watu wanaokwenda kutibiwa. Upasuaji wenyewe haiulipi, huo ni wenu. Inashika yale yanayokuja baada ya kisu. Akivuja damu, akipata maambukizi, akitakiwa kulala zaidi ya ilivyopangwa. Inakulipia na wewe msindikizaji pa kulala. Inabadilisha tiketi. Akiwa hawezi kukaa kwenye kiti inamrudisha amelala, na nesi pembeni." Akashusha sauti. "Na likitokea la kutokea, inamrudisha vilevile."

Nilielewa. Nilivuta nywele kwa nguvu, akaguna.

"Taratibu, dada. Ila kuna sharti. Aseme kila kitu. Kila ugonjwa, kila kidonge, hata aliopona zamani. Watu wanaogopa kusema, wanadhani watakataliwa. Mara nyingi wanaongezewa malipo tu, au wanaombwa cheti kingine, yanaisha. Kibaya ni kuficha."

Jioni hiyohiyo nilimfuata Baba karakana. Alikuwa anaifunga mizani ya muuza maharage, miwani imeshuka puani. Nilimweleza yote, na jambo alilolishika lilikuwa moja tu.

"Hata nikiwa vile, wananirudisha?"

"Hata ukiwa vile, Baba. Mpaka hapa."

"Mpaka kwa mama yako?"

"Mpaka kwa Mama."

Aliiweka bisibisi chini, akaitikia kwa kichwa taratibu, na hapo ndipo Baba alipokubali kusafiri. Nataka hilo lieleweke. Hakukubali kwa ajili ya vali. Alikubali kwa sababu alihakikishiwa njia ya kurudi.

"Ila la figo useme," nikamwambia. "Watauliza kila kitu."

"Nitasema."

"Kweli, Baba?"

"Nimesema nitasema, mama."

Dada wa Bima alikuja nyumbani kuuliza maswali yake siku ambayo mimi nilikuwa na mteja niliyemsuka nusu, na kichwa nusu hakiachwi. Mwenyewe atatokaje nje? Nilipofika mbio mbio, vikombe vilikuwa vitupu na Mwenyekiti anamsindikiza mgeni mlangoni, mabega juu.

"Maswali yote yamejibiwa," akanitangazia.

Nilimtazama Baba. Alikuwa anapanga mawe yake sandukuni, kila moja kwenye tundu lake.

"Yote, Baba?"

"Si umemsikia kaka yako?"

Nikashusha pumzi. Nilidhani amesema.

Hospitali ile ilikuwa safi hadi unaona aibu kukanyaga. Walinivisha mifuko ya plastiki juu ya viatu, nikawa natembea nachakarisha kama mtu aliyebeba mfuko wa sambusa. Siku ya vipimo walimwingiza Baba ndani pamoja na mkalimani, mimi nikaambiwa nisubiri kwenye viti vya ukutani. Kabla hawajafunga mlango walimpandisha kwenye mizani, na mzee wangu, na gauni lake lililofungwa nyuma kwa kamba, akainama kuisoma.

"Mwambie inazidisha," akamwagiza mkalimani. "Kidogo tu, lakini inazidisha. Wamwite fundi."

Nesi akacheka, mimi nikacheka, na Baba mwenyewe akacheka kuliko sisi. Niliwaza, kama bado anakosoa mizani za watu, huyu atapona.

Upasuaji ulikwenda vizuri. Daktari, mtu mrefu anayeongea polepole, alitoka kunieleza kwamba vali mpya inafunga na kufunguka kama inavyotakiwa. Niliwapigia wenzangu tukapiga vigelegele kwenye simu, Mwenyekiti naye, mtu mzima na ndevu zake. Lakini baadaye mkojo wa Baba ukapungua, kisha ukakatika. Miguu ikavimba. Daktari akanirudia akasema figo zimeshindwa kuhimili, atahitaji mashine ya kusafisha damu na kuendelea kulala chumba cha mahututi, haijulikani mpaka lini.

Nilifanya kama Dada wa Bima alivyonifundisha. Kabla ya tiba mpya, nikapiga kwanza ile namba ya bima. Sauti ya kike ikanipokea vizuri, ikaandika, ikasema wanaomba ripoti hospitalini. Nililala usingizi siku ile kwenye nyumba ya wageni iliyo ng'ambo ya barabara, nikijua kwamba tumejipanga. Tulifanya mambo kwa utaratibu, si kama jirani yetu.

Aliyenipigia simu kesho yake alikuwa Dada wa Bima mwenyewe. Nilikuwa kwenye jiko la nyumba ya wageni pamoja na wasindikizaji wengine, nachemsha maji.

"Dada, ripoti imefika. Inasema mzee alitibiwa figo tangu zamani. Mwenyewe ndiye aliyewaambia madaktari wa huko. Kwenye majibu yenu kwangu, figo hazimo."

"Haiwezekani. Aliniahidi atasema."

"Hazimo. Na sukari haimo."

"Sukari ya nani?"

"Ya mzee, dada. Kisukari."

Nilizima jiko. Nilimwambia amekosea mgonjwa, Baba yangu hana sukari, ningekuwa najua. Hakubishana. Alisema tu, kwa sauti ya chini, niwaulize wenzangu.

Niliwaunganisha wote wawili kwenye simu moja, nikatoka kusimama kwenye ngazi za nyuma penye mapipa ya taka, kwa sababu jikoni kulikuwa na watu wenye shida zao.

"Figo gani?" Mwenyekiti akauliza. "Nani kakwambia habari za figo?"

"Mwenyewe. Nilimpeleka kliniki. Alisema nisiwaambie."

Kisha Kitinda, kwa sauti ile yake ndogo, "Mimi ni sukari."

"Wewe ni sukari vipi?" kaka akafoka.

"Aliniambia mimi. Namnunulia dawa kila mwezi. Alisema hilo ni langu, nyinyi mna mizigo yenu."

Nilisikia kiti kikivutwa upande wa Mwenyekiti. Alipoongea tena hakuwa anafoka. "Na mimi aliniambia moyo. Zamani, kabla hamjajua. Aliniambia ni langu peke yangu."

Tukabaki tunapumua kwenye simu, watu watatu tuliokula sahani zilizopimwa. Mzee alikuwa ametugawia magonjwa yake kama alivyotugawia nyama, na kila mmoja wetu alikuwa ametembea na fungu lake miaka yote hiyo akidhani ndiye aliyependwa zaidi. Nakiri kwamba kitu cha kwanza kuniuma hakikuwa bima. Kilikuwa wivu. Nilitaka kubaki peke yangu pale getini kwa kliniki, na sasa nilijua kulikuwa na mageti mengine.

"Nilimjibia," Mwenyekiti akasema. "Dada wa Bima alipouliza, nilimjibia mimi." Halafu kaka yangu, mfungua vikao wetu, akalia, na kikao kile hakikufungwa na mtu.

Dada wa Bima alihangaika kwa ajili yetu, sitamdhulumu. Alipanda ofisi za wakubwa wake, akaandika, akabembeleza. Mwisho akanipa majibu. Kwa kuwa magonjwa hayo yalifichwa, na moja ndilo lililoleta matatizo, kampuni imejitoa kwenye bima nzima. Si mashine peke yake. Kulala hospitali, tiketi, kurudishwa amelala, kurudishwa vilevile, vyote.

"Ningeyaandika tu," akasema, na nilisikia hasira ndani ya upole wake. "Wangeongeza malipo kidogo, wangetaka cheti cha daktari wa figo, basi. Nilimwuliza mara mbili, dada. Mara ya pili nilimwuliza yeye mwenyewe, namtazama usoni."

Baba alikuwa amezinduka vizuri siku niliyoruhusiwa kukaa naye. Alikuwa amefungwa kwenye mashine iliyokuwa inanguruma chini chini, damu yake ikizunguka kwenye mipira miwili. Uso ulikuwa umevimba, lakini macho ni yaleyale.

"Tunarudi lini?" akaniuliza.

Ningeweza kudanganya. Watu wanasema ndiyo huruma hiyo. Lakini katika nyumba yetu tulikuwa tumeshahurumiana vya kutosha, na nilikuwa nimekasirika, jamani, nilikuwa nimekasirika na mtu ninayempenda akiwa hoi kitandani. Nikamwambia yote. Nikamwambia bima imejitoa, na kwa nini.

Aliifuata kwa macho damu yake ikizunguka mipirani.

"Kwa nini hukusema, Baba? Uliniahidi."

"Nilitaka kusema. Yule binti aliuliza, nikamtazama kaka yako, kama kawaida. Akajibu, 'Mzee ana moyo tu, hana kingine, mimi ndiye ninayejua afya yake yote.' Alilisema kwa fahari, mama. Ungemwona. Binti akanigeukia mimi akauliza tena. Sasa niseme nini? Nimwumbue mwanangu mbele ya mgeni, kwamba kumbe hajui kitu? Nikasema, mwanangu ameshajibu."

Sikuwepo pale, lakini najua Mwenyekiti alivyokaa kwenye kiti, na najua Baba alivyomtazama. Hasira ikaniishia, na nilitamani ibaki, kwa sababu kilichokuja baada yake kilikuwa kibaya zaidi.

"Na kwa nini ulitugawia?"

"Yote kwa mtu mmoja yangemwelemea. Nilipima. Kaka yako ana nguvu, nikampa lililokuwa zito. Wewe nikakupa la katikati. Kitinda nikampa sukari, inataka mtu wa kukukumbusha tu." Alipumzika, akameza mate. "Niliona nimegawa sawa."

"Na wewe ulibaki na lipi?"

Mashine ilinguruma. Nesi alipita, akasoma namba, akaenda zake. Baba alitazama dari.

"Woga," akasema. "Huo sikumpa mtu."

Nilikumbuka alivyocheka pale kwenye mizani ya hospitali, gauni limefungwa kwa kamba nyuma. Alikuwa anaogopa. Alikuwa anaogopa alipopalilia kaburi, alipotutania habari za kupangisha, alipokuwa anapanga mawe yake nami namwuliza kama amesema yote. Mzee wa watu aliogopa peke yake miaka yote hiyo, katikati ya watoto watatu waliojiona wasiri wake. Nimeumia kwa mambo mengi maishani, lakini kwa hilo nilisikia moyo unachanika.

"Nipe na mimi," nikamwambia. "Nipe hata nusu."

Aliutoa mkono wake chini ya shuka, nikaushika. Ulikuwa umelowa jasho. Tulikaa hivyo hadi mashine ilipomaliza kazi yake ya siku hiyo, na Redio hakusema neno.

Tuliendelea na mashine kadiri tulivyoweza, kwa kile kilichokuwa kimebaki. Nilimwuliza daktari kama anaweza kusafiri kwenye kiti cha kawaida, mimi pembeni yake. Alinitazama kwa huruma, akasema hatafika hata uwanja wa ndege, na hakuna daktari atakayemtilia sahihi apande. Angesafirishwa amelala, na nesi pembeni, mapema kidogo, labda. Neno labda nalichukia tangu siku hiyo.

Baba alifariki asubuhi, wafagiaji wakiwa koridoni. Alikuwa hajaongea tangu jana yake. Niliwapigia wote wawili kwa pamoja, maana sikutaka mmoja ajue kabla ya mwenzake.

Mwenyekiti alisema atauza karakana, atauza nyumba, atamrudisha mzee kwa Mama. Alizunguka kwa watu, akahangaika. Lakini nyumba haiuzwi kwa siku moja, na chumba cha maiti cha ugeni hakisubiri, kila siku inayopita wanadai. Mwishowe alinipigia simu yeye mwenyewe. Aliongea neno mojamoja, kama mtu anayeshusha vigae.

"Mzike huko, mdogo wangu."

"Kaka."

"Mzike. Mwambie nimeshindwa."

Makaburi ya mji ule yako nyuma ya ukuta mrefu, barabara ya magari upande wa pili. Tulikuwa wachache: mimi, mkalimani aliyeomba ruhusa kazini, wasindikizaji wawili kutoka jikoni kwetu, na wachimbaji. Simu nilimpa mkalimani aishike juu, kaka na mdogo wangu wakiwa ndani yake, wamekaa karakana mbele ya meza ya Baba. Nyuma yao niliona sanduku la mawe, limefungwa. Kitinda alikuwa amejifunika uso kwa kanga.

Walipokwisha kumshusha, mchimbaji mkubwa akauliza kama kuna wa kusema neno kwa niaba ya familia. Mkalimani akatafsiri. Mimi, kwa mazoea, niliigeukia simu. Nilimngoja Mwenyekiti akohoe, anyooshe shati, afungue kikao.

Alitikisa kichwa. "Sema wewe, Redio," akasema. "Mimi nilishamjibia vya kutosha."

Nikafungua mdomo. Mdomo huu ambao wateja wanauogopa, mdomo unaojua habari za mtaa mzima. Hakikutoka kitu. Nilichoweza kusema ni "Baba," basi, na magari yakapita nyuma ya ukuta.

Mchimbaji akaniashiria kwamba naweza kutia udongo. Nilipiga magoti kwenye kifusi. Ulikuwa udongo wa rangi nyingine, mwekundu mno, unaonata. Nilichota konzi ya kwanza kwa mkono mtupu, nikaiinua mbele ya simu waione, nikasema, "Hii ya Kaka." Nikaitia. Nikachota ya pili, "Hii ya Kitinda," nikaitia. Nikachota ya tatu, yangu. Niliishika karibu na uso, nikafumba jicho moja.

Ilikuwa imezidi. Nikapunguza.